Mzongo wa Kushoto

Florentine alitoboa majani kwa msumari, akapitisha uzi wa ukindu, akavuta mpaka ukalia. Akazungusha kitunga kidogo, akatoboa tena. Alikuwa kwenye mzunguko wa tisa, na mizunguko yote ilikwenda kushoto.

Kitunga kilikuwa cha arusi ya Gentille, binti wa wifi yake Immaculée. Katika ukoo wa marehemu mumewe, kitunga cha bibi arusi hutoka nyumba ya mjomba, na mjomba akifa, hushonwa na mjane wake. Fundi mwingine hakubaliki, hata awe hodari kiasi gani. Ndiyo maana Immaculée, ambaye hakumsalimu kwa miaka sita, alilazimika kumpelekea majani. Hata hivyo hakuyaleta mwenyewe. Alimtuma binti.

Na Jumatano hii binti alikuwa amerudi kutazama kazi. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu hapo mjini Baraka, mwenye maswali mengi kuliko wanafunzi wake.

"Mama Florentine, hii namna majani yanajizungukia, inaitwaka nini? Mi nasema *spirale* ya Kifaransa, batoto wananiangalia tu."

"Waambie mzongo. Kamba ya mutumbwi ukiikunja chini, ni mzongo. Nyoka akilala, amejizonga. Nyumba ya konokono nayo ni mzongo."

"Na gurudumu?"

"Hapana. Gurudumu linarudi pale lilipotoka. Mzongo haurudi. Unapita kando ya pale ulipopita jana, kisha unakwenda mbele."

Gentille akacheka. "We uje kufundisha, mi nibaki hapa kushona!" Akashika kitunga, akaufuata mzongo kwa kidole kuanzia kitovuni. Kidole kikasimama.

"Hii inakwenda kushoto."

"Umeona vizuri."

"Lakini kushoto ni ya..."

"Sema tu. Kulia ni ya bibi arusi. Kushoto ni ya kumfunikia marehemu vitu vyake."

Miaka sita nyuma, mumewe Bertin alizama ziwani akitoka Kazimia kwa mtumbwi. Florentine alimshonea kitunga cha kushoto siku mbili, bila kula. Immaculée, aliyedai kwamba Florentine amemloga, alikinyakua mbele ya waombolezaji, akakitupa ziwani. "Mkono uliomuua kaka yangu haumshonei!" Bertin akazikwa bila kitunga. Tangu hapo, Florentine akifika bombani, wanawake huvuta ndoo zao pembeni.

"Mama hajui mambo ya kushona," Gentille akanong'ona. "Hangeona kitu."

"Yeye, hapana. Mashangazi wangeona. Jumamosi, siku ya arusi, mbele ya wakwe, vyombo vyako vikiwa ndani."

"Na mi nilikukosea nini?"

Florentine akakirudisha kitunga mapajani pake. Alikuwa amejiandaa kwa kila neno la Immaculée, ila si kwa swali hili.

"Hukunikosea. Ungenikosea, ningekificha chini ya kitenge ulipoingia."

"Basi fumua, mama. Tafadhali."

"Mimi? Hapana. Aje mama yako. Aje mchana, pamoja na bamama bote waliokuwa matangani. Akae chini, afumue kwa vidole vyake, na kila mzunguko aseme: nilimsingizia. Akifika kitovuni, nitaanza upya kulia, na Jumamosi utakuwa nacho."

"Unamujua mama. Hatakuja."

"Basi Bertin atapata kitunga chake."

Gentille akainuka, akajifunga kitenge upya, akatoka bila kuaga. Florentine alisikia kandambili zake zikipiga mbio barabarani. Ilimuuma, na hakumwita.

Alimaliza mzunguko wa tisa, akaanza wa kumi, bado kushoto. Kufumua mizunguko kumi kwa vidole visivyozoea vya Immaculée kungechukua asubuhi nzima, na mdomo ungekauka. Akaongeza mishono mingine, akaikaza kuliko ile ya kwanza.

Jua lilipozama nyuma ya milima, akachomeka msumari penye mshono wa mwisho, akafunika kitunga kwa kitambaa kibichi, akaloweka ukindu wa kesho.