Viti vya Wodi ya Watoto

Mama Kasuku alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha binti yake, anachana nywele za upande wa pili, toleo jipya la programu ya hospitali lilipoingia wodini na kumwondoa.

Alijikuta kituo cha basi ng'ambo ya barabara, kitana mkononi, pamoja na akina mama wote wa wodi ya watoto. Mmoja alikuwa na kikombe cha maziwa. Hayakumwagika.

"Haya, tumesasishwa tena," akasema mwenye kikombe. "Leo angalau wametuweka kivulini."

Wakavuka barabara kurudi. Askari wa geti alishawazoea. Akamshikia mwenye maziwa kikombe chake ili apite vizuri. Lakini mlango wa wodi haukuwafungukia. Wakasimama nje, kila mmoja akisikia kilio cha wake.

Programu iliyoendesha hospitali ilijua vitanda, dawa, madaktari, hata mapazia. Mama haikumjua. Zamani kidogo Fundi wa kompyuta, mwanamke asiye na maneno mengi, alimkuta mzazi amelala wima, kichwa kimeegemea ukuta. Hakutumwa na mtu. Alikaa akaandika nyongeza ndogo, akaipachika kwa mkono ndani ya programu: kila kitanda na kiti chake, kila kiti na mtu wake. Asubuhi yake viti vikawepo.

Taabu ni kwamba kila toleo jipya liliingia kama mpangaji mpya, likatupa nje kila ambacho halikuja nacho. Mwanzoni Fundi aliinakili nyongeza yake pembeni mapema, kisha akairudisha. Siku hizi matoleo yalijiingiza yenyewe, bila kumngoja.

Siku ile ya kituo cha basi, Fundi alipoirudisha, mlango ulifunguka na viti vikarudi. Mama Kasuku hakuweza kukaa. Alizunguka kitanda, akakunja shuka, akaikunjua. Kesho binti yake alikuwa anapasuliwa ngiri, na watengenezaji wa programu walishatangaza kwamba asubuhi hiyohiyo linakuja toleo jingine, la kurekebisha hili la leo. Kasuku, aliyepewa jina hilo kwa kuongea hata usingizini, alikuwa kimya, ameng'ang'ania pindo la gauni la mama yake.

Mama akamwachanisha vidole taratibu, akamfuata Fundi.

"Mdogo wangu, akizinduka asiponiona atalia mpaka nyuzi zikatike."

"Najua, dada. Ngoja nikamwone mkurugenzi."

Mkurugenzi alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Fundi akaomba watengenezaji waambiwe wawaweke akina mama ndani ya programu yenyewe.

"Vitanda vyote vipo?"

"Vipo."

"Dawa?"

"Zipo."

"Sasa kinachokosekana nini?"

"Mama zao."

"Hao ni wageni tu, Fundi. Lakini tutaliangalia."

Fundi akarudi chumbani kwake, akaitoa nyongeza yote ndani ya programu, akaihamishia mahali ambapo matoleo hayana kazi napo. Ndani ya programu aliacha njia nyembamba tu ya kuifikia. Viti navyo vikahama. Mahali pekee nje ya wodi palipokuwa na nafasi ni stoo ya ndoo na mafagio, iliyopakana nayo, basi akina mama wakakaa humo, wameelekea ukuta.

"Na mtoto je?" akauliza Mama Kasuku.

"Nyoosha mkono."

Akanyoosha. Mkono ukazama ukutani hadi begani, ukatokea upande wa pili, juu ya kitanda. Akapapasa, akaupata msuko alipoishia, akaendelea.

Asubuhi toleo likaja. Lilifagia lilivyozoea, na hakuna aliyekwenda kituo cha basi. Kasuku alipozinduka baada ya kupasuliwa, mkono ulikuwa kwenye paji lake la uso.

"Mama," akaita, na sauti ikapita ukutani kwa shida. "Uso wako uko wapi?"

"Uko stoo, mwanangu."

"Ulete."

"Njia haipitishi uso."

Kasuku akafikiri. Akaushika ule mkono, akaulalia, akaanza kuusimulia yote aliyoyanyamazia jana.

Baadaye mkurugenzi alipita na wageni wake, wakiinama kidogo chini ya mikono. Akawaonyesha jinsi wodi ilivyokuwa nadhifu, hakuna msongamano wala kiti hata kimoja. Mgeni mmoja alipeana mkono na Mama Kasuku, akamtakia heri.

Jioni akaja mwanamke mwenye kichanga chenye homa. Muuguzi akakipokea, akakilaza, akakifunika miguu vizuri. Kisha akamfungulia yule mwanamke mlango wa stoo.

"Kaa hapo, dada. Ndoo zisogeze tu. Ukuta una baridi mwanzoni, halafu mkono unazoea."