Mvinyo Kinywani

Usiku wa jana niliota nafanya mtihani wa kuonja mvinyo, na msimamizi wa mtihani alikuwa chupa.

Sikushangaa. Mimi ni mhudumu wa hoteli hapa Dodoma, na wiki nzima mwalimu wetu, Bwana Chidawali, ametukaririsha: tazama, zungusha, nusa, onja, tema. Usimeze. Alisema pia kwamba mvinyo ukifunguliwa huachwa kwanza upumue. Chupa ile ilikuwa inapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Nikaisubiri, maana nina adabu.

"Zungusha," ikaniambia.

Nazungusha glasi, na hoteli nayo inazunguka. Meza zinapita, meneja anapita amekaa kwenye kiti chake, ananikumbusha kupiga pasi sare. Inaposimama, tuko Hombolo katikati ya shamba la mizabibu, jua la saa nne linachoma. Chupa imevaa kofia ya pama.

"Nusa," ikasema. "Utakachokitaja kitakuja, kwa hiyo usitaje ovyo."

Nikanusa, nikasema moshi wa kuni. Yakaja mafiga matatu, yakakaa. Nikasema sabuni ya mche, kikaja kipande kilichotumika hadi katikati. Nikasema udongo ulioloa mvua ya kwanza, na miguu yangu ikazama hadi vifundoni. Chupa ikaandika, ikauliza kama ni hayo tu.

Hayakuwa hayo tu. Kulikuwa na harufu moja chini kabisa, ambayo nimeitafuta tangu tumzike mama, mwaka wa tatu sasa. Nimenusa nguo zake hadi zimebaki zinanuka mimi. Mama alipogoa mizabibu ya watu miaka ishirini na mbili bila kuonja tone la mvinyo, na kila msimu wa mavuno aliniletea zabibu tatu zilizoanguka zenyewe, kazifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nanuna kwamba ni chache.

"Mama," nikasema.

"Sasa onja," ikasema chupa. "Atakuwepo kwa muda ule mvinyo utakaokuwa kinywani mwako."

Napiga funda kubwa. Mama anatokea kati ya mistari ya mizabibu, mkasi mkononi, kanga yake ya kahawia kiunoni. Hajazeeka wala hajaugua. Anasimama mbele yangu, ananitazama, anasubiri.

Anasubiri shikamoo.

Mashavu yangu yamejaa. Nainamisha kichwa, napiga magoti, namshika miguu. Bado anasubiri.

"Damari," anasema, "tangu lini mimi nasalimiwa kwa kichwa? Ndivyo mnavyofundishwa huko hotelini?"

Sauti yake ni ileile. Nataka nikae hapo hadi mizabibu izae tena. Ulimi unaniwaka, machozi yananitoka, na chupa inaangalia saa. Nikifungua kinywa namkosa. Lakini uso wake umeanza kuingia huzuni, naye hakuwahi kunionyesha huzuni hata siku zile za kitandani. Hilo nikashindwa kulivumilia.

Nikatema.

"Shikamoo, mama."

Hapakuwa na mtu. Mkasi wake ulikuwa umening'inia kwenye waya wa mizabibu. Nikaamkia tena, nikangoja marahaba yangu, nikangoja sana. Chupa ikasema nimefaulu, kwa kuwa sikumeza. Nikaiambia inyamaze.

Niliamka nimekaa kitandani, kinywa kikavu. Nilikuwa nimejifunika ile kanga ya kahawia, ambayo hulala nayo siku zote. Pindo lake lilikuwa limefungwa fundo gumu, la kukaza mara mbili, kama alivyokuwa akifunga yeye. Mimi nimejaribu mara nyingi na sijaweza kulifunga hivyo.

Nililifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na zabibu tatu, zina vumbi, zina joto la jua. Nikazila moja moja, polepole. Sikutema hata mbegu.