Kikopo cha Mafuta ya Cherehani

Nyumbani kwetu kulikuwa na watu wawili wasiosemeshana, na waya kati yao ulikuwa mimi.

“Mwambie dada yako chai iko tayari,” Mama angesema, na dada yangu ameketi pale pale, goti lake linagusa meza.

“Kamanda, chai iko tayari,” natangaza.

“Mwambie Mama nimesikia.”

“Mama, amesikia.”

Ndiyo maana wananiita Redio. Jina nililipata utotoni kwa sababu ya mdomo, lakini tangu Kamanda alete pikipiki nyumbani, likawa cheo.

Baba yetu alikufa kwa ajali ya pikipiki. Si hii; ile iliishia palepale pamoja naye. Lakini kwa Mama pikipiki zote ni ukoo mmoja. Siku Kamanda alipoingia uani na ya kwake, kreti ya mikate imefungwa nyuma, kazi ameshapata ya kusambaza mikate madukani, Mama aliondoa mguu kwenye cherehani yake, akamkagua kuanzia helmeti hadi viatu.

“Chuma hicho mimi sitakigusa,” alisema. “Na wewe usinisemeshe.”

Kamanda naye, ambaye hakupewa jina lile kwa upole, akasema sawa. Wakanuniana hivyo, na mimi nikawa hewani asubuhi mpaka jioni.

Shida ya pikipiki yenyewe ilikuwa cheni. Ilikuwa inalia. Si kulia kwa kawaida. Ungedhani kuna mbuzi amefungwa kwenye gurudumu la nyuma. Majirani walikuwa wakimpigia kelele, “Kamanda, mnyonyeshe huyo mtoto!” Na kila siku kilio kilizidi. Lakini mimi niliona jambo ambalo sikulitangaza. Jioni, mlio ule ulipoanza kusikika kwenye kona ya kinyozi, mguu wa Mama ulisimama juu ya kikanyagio. Mlio ukifika mlangoni, mguu unaendelea. Hakuinua hata jicho kutoka kwenye nguo.

Kisha siku moja Kamanda alirudi mchana, anaisukuma pikipiki. Mama alikuwa amekwenda kumpima mteja.

“Nimeteleza pale mteremkoni,” aliniambia. “Nimeshika breki, nyuma ikatembea yenyewe. Nikajikuta nimelala barabarani na lori liko pale.” Alionyesha kwa mkono pale lori lilipokuwa, na pale hapakuwa mbali hata kidogo. Ngozi ya kiwiko chote ilikuwa imebaki kwenye lami.

“Mikate je?”

“Redio, nakufa, wewe unauliza mikate?”

“Wewe nakuona uko hapa. Mikate siioni.”

Alitaka kucheka, maumivu yakamkatiza. “Mama asijue,” alisema. “Akijua, hii kazi imekwisha. Na safari hii sitakuwa na neno la kumjibu. Umesikia? Leo, Redio, zima.”

Tukaipeleka kwa fundi wa mtaa, tunayemwita Daktari kwa sababu huwa anaipapasa pikipiki kwanza kabla ya kuuliza inaumwa wapi. Alipapasa ubavu wa tairi la nyuma, akatuonyesha kidole. Kiling’aa.

“Nani anaimwagia hii cheni mafuta?”

“Hakuna,” Kamanda akasema. “Ingekuwa na mafuta ingelia hivi?”

“Ndiyo maana inalia. Tazama. Nje imelowa, humu kwenye viungo kumekauka, kutu tupu. Haya mafuta ni mepesi kama maji. Hayakai. Ukichanganya mwendo yanaruka, yanatua kwenye tairi. Sasa wewe shika breki na tairi la mafuta uone. Hapo unaiomba ajali kwa adabu zote.”

“Basi tupake oili chafu,” nikasema, nijifanye najua.

“Oili chafu ina unga wa chuma. Wewe meno unayasugua kwa msasa?” Akatoa chupa ya mafuta ya giaboksi, akaiinamisha, yakatembea ndani kama asali yenye uvivu. “Cheni inataka kitu kizito, kinachonata. Kesho ukitoka kazini, ikiwa bado na moto, ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe, uyatie haya kwa ndani, kiungo kwa kiungo. Injini imezimwa, tafadhali, nimeshaona vidole vingi vikibaki kwenye meno ya sproketi. Yalale humo usiku kucha yaingie. Na kinachobaki nje, futa. Cha nje hakikusaidii.”

Akaliosha tairi kwa sabuni, akatukabidhi ile chupa. Njiani Kamanda alinitazama.

“Ni wewe.”

“Mimi? Kitu pekee ninachopaka mafuta ni kichwa changu!”

“Iko siku utani wako utanizika, Redio.”

Akanipa kisogo, akaongeza mwendo. Jioni alikula akiwa amevaa koti, kwenye joto lile, na mimi kwa mara ya kwanza nilikula bila kutangaza chochote.

Alfajiri niliamka kwenda msalani. Manyunyu yalikuwa yanadondoka. Chini ya kibaraza, pikipiki ilikuwa imesimamishwa kwa stendi kubwa, na mtu amechuchumaa nyuma yake. Mama. Mkono mmoja ulizungusha gurudumu taratibu. Mwingine ulishika kile kikopo chake cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu mwembamba. Tone. Tone. Tone. Na kwa kila tone midomo yake ilisema neno moja. Nilisogea nikalisikia.

“Mlinde. Mlinde. Mlinde.”

“Mama?”

Akaruka karibu akidondoshe. “Shh! Usimwambie.”

“Unafanya nini?”

“Kwani huoni? Chuma kikilia kimekauka. Yeye anakipanda tu, hata hakisikii. Kila siku kinalia zaidi, nami kila siku naongeza.” Alisema kwa fahari kidogo, kisha akakumbuka kiapo chake. “Usimwambie, nimekwambia.”

Ndani nilimsikia Kamanda anapiga mswaki. Dakika chache atatoka, atapanda, atashuka mteremko ule ule, lami imelowa maji, tairi limelowa mafuta. Kinywani nilikuwa na siri ya kila mmoja. Nikinyamaza, dada yangu anaanguka tena, na safari hii labda lori halitasimama. Nikisema, Mama atajua ni mkono gani uliomwangusha. Nikatafuta mzaha wa kupitia katikati, sikuupata, nikaokota tambara, nikaanza kulifuta tairi.

“We mtoto, unafuta nini? Nimeyatia sasa hivi!”

“Mama,” nikasema, bila kumtazama, “ukishatia mafuta cherehani yako, unaanza na kitambaa cha mteja?”

“Una wazimu? Gauni la watu litoke na madoa? Naanza na kipande kibovu kwanza, kinyonye yaliyozidi, ndipo…”



Akapitisha kidole kwenye tairi. Akakisugua na gumba, polepole, jinsi anavyopima kitambaa kabla ya kukikata.

“Jana alikula na koti,” alisema.

“Mama…”

“Ameanguka?”

Niliitikia kwa kichwa. Mama akakaa chini, pale pale kwenye sakafu yenye maji, kikopo mapajani.

Kamanda akatoka na helmeti mkononi. Alimwona Mama chini, akanigeukia mimi, kama kawaida.

“Kuna nini?”



“Vua koti,” Mama akasema.

“Redio, mwambie Mama nachelewa.”

“Mwambie mwenyewe,” nikasema.

Manyunyu yaligonga mabati. Mama akarudia, na sauti yake haikuwa ile ya cherehani, ilikuwa ya zamani, ya wakati Baba yupo. “Vua koti, mwanangu, nione.”

Kamanda akalivua. Mama akakishika kile kiwiko kwa chini, bila kugusa kidonda. “Ni mimi,” akasema. “Mafuta yale ni mimi.”

Nilijiandaa kwa kelele. Kamanda alikitazama kikopo, akaitazama cheni, akakirudia kikopo.

“Kumbe ulikuwa unaigusa,” alisema.

Nadhani alikuwa anangoja aambiwe aache kazi. Hata mimi niliingoja kauli hiyo. Mama aliinuka, akaingia ndani, na tulipodhani amekwenda kulia, alirudi na ndoo na sabuni. Tairi lile aliliosha yeye, kwa brashi ya kufulia, mpaka mpira ukakwaruza mkono. Cheni akaifuta kwa vipande vyake vibovu vya kunyonyea. Kisha akasimama kando, Kamanda akaondoka polepole, na cheni ikalia mpaka kona ya kinyozi na kupotea.

Jioni tulifanya kama Daktari alivyosema. Mimi niliosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu (wa Kamanda, lakini hilo sikulitangaza). Kamanda akatia yale mazito kwa ndani, Mama akizungusha gurudumu na kukagua. “Hicho umekiruka. Rudi.” “Sijakiruka, Mama.” “Umekiruka, mimi naona hata uzi.” Asubuhi Mama akafuta ya nje, kiungo kwa kiungo, na midomo yake ilikuwa inatembea. Pikipiki ilitoka uani kimya kama paka. Majirani walishangaa, wakauliza kama mbuzi amechinjwa.

Jioni hiyo mawingu yalikuwa yamefunga. Mama alikuwa anashona, mimi nikimsimulia habari za mtaa. Ghafla mguu wake ukasimama juu ya kikanyagio. Nikatega sikio. Hakuna kitu. Ulikuwa umesimama wenyewe, kwa sababu saa ya Kamanda kurudi ilifika. Akatazama mlangoni, na sindano imebaki ndani ya kitambaa.

“Cheni imepona, Mama,” nikasema. “Hata akiwa kwenye kona huwezi…”

“Redio,” akasema, “zima nisikilize.”

Nikazima. Mvua ilianza kugonga mabati, na huko nje hakukuwa na mlio wowote wa kutuambia lolote.