Seli za Gundi

Profesa alifika kwa dada yake akiwa bado na koti jeupe la maabara, doa la zambarau kifuani. Mpwa wake alimfungulia mlango, akamtazama juu hadi chini.

"Karibu, Mjomba. Hilo koti livue. Mama akiliona atadhani umekuja kumdunga sindano."

Alicheka, asilivue. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya koti hilo, akipasua kichwa juu ya seli za ubongo ziitwazo glia, jina lenye maana ya gundi. Wenzake walidhani kazi ya glia ni kuzishikilia tu zile seli zenye akili. Yeye akathibitisha kwamba ndizo zinazozilisha nyingine na kuzifagilia uchafu, na zikielemewa, ubongo mzima huenda na maji.

Siku alipotunukiwa nishani, alimsifu mbele ya watu dada huyu aliyemlea na kumsomesha: "Huyu ndiye gundi ya ukoo wetu." Makofi yakarindima. Dada alitabasamu, kisha akaenda kusaidia kuosha vyombo. Bwana profesa hakuyasikia maneno yake mwenyewe.

Baadaye dada alimpigia simu. "Mdogo wangu, maneno yananikimbia. Jana nimesahau sufuria inaitwaje."

"Uchovu tu huo, dada. Pumzika," alijibu, jicho likiwa kwenye hadubini. Angekuwa mgonjwa mwingine, angemwita siku ileile. Majuto ya kauli hiyo yalikuwa yakimla, na leo alikuja kuomba radhi kabla hajasahaulika kabisa.

Dada alikuwa ameketi dirishani, akikunja shuka, akiikunjua, akiikunja tena. Profesa alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, daktari. Keti kitini, utachafua suruali."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi? Utanikosea vipi na hata hatujuani?" Alicheka kwa upole. "Ila huko kwenu yupo mdogo wangu, profesa. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Anakula vizuri?"

Aliitikia kwa kichwa.

Dada akamwinamia, akanong'ona ili binti yake asisikie.

"Hapa nyumbani wanamsema kwamba haji. Usimwambie, ataumia. Mwambie asiache kazi yake kwa ajili yangu. Akimaliza atakuja. Mimi nipo."