Goti la Lorne

"Hivi, Paraska, huyo beki angekuwa analala kwa watu wengine, ungejisumbua naye?"

Jirani yake Doreen alimwuliza hivyo siku moja, wote wawili wakiondoa theluji mlangoni. Paraska aliendelea kusukuma koleo. Lakini swali lilimkaa, na Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliingia nalo kwenye jiko la uwanja wa barafu, ambako kamati ya timu ilikuwa imeketi.

Timu ya hoki ilikuwa ya mji mzima, na mji ulikuwa na kawaida yake: mchezaji aliyetoka mbali hapangi chumba, hukaribishwa nyumbani kwa mtu. Lorne Dufresne alikaribishwa kwa Paraska mwaka uleule aliofiwa na mumewe. Misimu minne sasa alikuwa akisikia buti zake kwenye ngazi na kumshukuru Mungu kwamba nyumba ina mtu.

Kiti cha marehemu kwenye kamati alikirithi yeye. Mkataba wa Lorne ulikuwa ukingoni, na mwisho wa kubadilishana wachezaji ulikuwa saa saba mchana ule. Ama wampeleke kwa timu ya Dunmore na kupewa washambuliaji wawili, ama wamsainishe miaka mitatu tena. Wawili walitaka aende, wawili walitaka abaki. Ilibaki kura ya Paraska, naye alikuwa anakunja pyrohy, vipande vya unga vilivyojazwa viazi, vya kuwauzia watazamaji.

"Beki kama yule humpati tena," alifoka Orest, mwuza nyama. "Mkimtoa tutafungwa mpaka tuzoee."

"Wewe jua mifupa yako, Orest. Hoki tuachie wenyewe," alisema Metro, mwenyekiti.

"Mwenyekiti miaka kumi! Kombe liko wapi? Umelificha chini ya kitanda?"

Metro aliinuka kwa hasira akamfuata Paraska kwenye sinki, akajifanya anaosha kikombe.

"Goti lake nalijua," alinong'ona. "Nilipokuja kwako niliona anajipoza mguu kwa mfuko wa njegere zilizogandishwa. Piga kura aende, halafu funga mdomo. Dunmore watajionea wenyewe."

Paraska alikausha mikono polepole. Yeye alilijua goti hilo kabla ya njegere. Jumapili tatu mfululizo kanisani, watu wote wakitazama altare, alikuwa amemwona Lorne akipiga goti la kushoto tu huku ameshika benchi kwa mikono miwili. Alipomwuliza, Lorne alimsihi: "Usimwambie mtu mpaka nisaini. Nakuomba kama mama yangu." Naye akanyamaza.

Sasa akaona kwamba akisema aende, atawadanganya watu wa Dunmore. Akisema abaki, atamdanganya Orest, na atafanya hivyo kwa sababu ya buti kwenye ngazi.

"Goti la kulia la Lorne limeharibika," alisema kwa sauti. "Mwenyekiti anajua, na mimi najua. Kura yangu ni abaki, mwaka mmoja, atibiwe kwanza."

Kikombe kilimponyoka Metro. "Mwanamke mjinga wewe! Umetuharibia!"

"Na mimi nilikuwa napiga kelele kwa ajili ya kilema?" Orest akamgeukia Paraska. "Ulinitazama tu nikijiaibisha? Kura yangu naigeuza. Asisaini hata wiki."

"Sali nyumbani kwako, mama," alisema Metro. "Hapa ni hoki."

Kura ya Paraska ilibaki na mwenzake mmoja tu, dhidi ya tatu za kumwondoa Lorne. Hapo ndipo alipogeuka akamwona Lorne mlangoni, viatu vya barafu begani. Alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu, uliniomba ninyamaze. Nisingeweza kunyamaza na kupiga kura."

"Nilikuomba jambo moja katika miaka minne," alisema Lorne. "Moja tu."

"Rudi nyumbani tule kwanza. Tafadhali."

Lorne alikaribia meza akichechemea, bila kuficha tena. Akatoa mfukoni ufunguo wa nyumba ya Paraska, akauweka juu ya unga kati ya pyrohy, akatoka.