Mwendo wa Madaha

Mama mkwe alitembea kama aliyebeba ndoo ya maji kila mkono, makalio yakienda kushoto, kisha kulia, na alijivunia. "Kwetu ndivyo tunavyotembea. Mwendo wa madaha." Mwanawe alitembea hivyohivyo. Kwa hiyo mjukuu wa miaka minne alipoanza kuyumba, bibi alipiga vigelegele.

Mama wa mtoto, msusi, hakuona cha kushangilia. Binti yake aliinuka sakafuni kwa kujishika mapaja kama ajuza, na kila jioni alilia kwa maumivu ya magoti.

Daktari wa kwanza alisema ni maumivu ya kukua. Wa pili alisema ni baridi yabisi, akatoa dawa zilizomvimbisha mtoto mashavu na kuyaacha magoti vilevile, ingawa vipimo vya damu havikuonyesha kitu. Msusi akaomba rufaa kwa daktari wa mifupa ya watoto. Mume akawasindikiza, mama mkwe naye akajipakia kwenye teksi, eti kumlinda mjukuu.

Daktari, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kudadisi, alimpima mtoto, kisha akamgeukia mume.

"Baba, hebu tembea mpaka mlangoni, urudi."

Akatembea.

"Na wewe, mama."

"Mimi siumwi!"

"Sijasema unaumwa. Tembea tu."

Mama mkwe akapita kama bibi harusi. Daktari akauma midomo asicheke.

"Nani mwingine kwenu anatembea hivi?"

"Marehemu baba," mama mkwe alijibu. "Na kaka yangu, aliyeshika mkongojo akiwa na miaka arobaini. Watu walisema ni pombe, na maskini hata soda hanywi!"

Baba na mtoto wakapigwa picha za eksirei. Daktari akawaonyesha: ncha za mifupa ya nyonga na magoti, badala ya kuwa duara, zilikuwa ndogo na bapa.

"Hii si baridi yabisi. Ni ugonjwa adimu wa kurithi. Ncha za mifupa hazikui sawasawa. Hauna dawa ya kuuponya, lakini nyonga tunaweza kuzitunza. Zile dawa tutazipunguza mpaka tuziache. Asiruke kamba. Aogelee sana, na kila mwaka nimwone."

"Kwa hiyo si madaha?" mama mkwe aliuliza.

"Madaha yapo, mama. Ila yanauma, au siyo?"

Kisha bibi, kwa sauti ndogo ambayo msusi hakuwahi kuisikia, akasema, "Ubavu wa kushoto sijaulalia tangu baba wa huyu mtoto aoe."

Msusi alikuwa ameandaa maneno ya kumkomesha tangu kwenye teksi. Badala yake akamshika mkono.

Jioni hiyo mama mkwe aliwapigia simu ndugu zake wote. "Kapigeni picha, nyie mabata! Na kaka yenu mkamwombe radhi!"

Jumamosi wakaenda bwawani. Bibi aliingia majini na gauni lake. Likajaa hewa, likapanda mpaka kidevuni. Mjukuu alicheka hadi akameza maji.