Jumatatu ya Kombe

Drusilla alikuwa amebakiwa na siku moja tu, nayo ilikuwa Jumatatu.

Tangu mumewe Alfayo afariki, miaka miwili ilikuwa imepita, na muda huo wote alikuwa akililima shamba lao la Marani peke yake: chai upande wa juu, migomba bondeni, na nyumba katikati. Mungu alikuwa amewajalia mabinti wawili, Kemuma na Bonareri, bila mtoto wa kiume. Basi wapimaji walipokuja kuandikisha mashamba mwaka ule wa sabini na mbili, shemeji yake Ombui aliwaambia kuwa marehemu ndugu yake hakuacha mrithi, na shamba lote likaandikwa kwa jina lake. Mwenye malalamiko alipewa siku sitini kupeleka pingamizi kwa maandishi katika ofisi ya mashamba mjini Kisii. Drusilla alizipata habari hizo siku ya hamsini na mbili, tena kwa kusikia wanawake wakinong'ona mtoni.

Wiki nzima alimwinda mzee wa ukoo, Nyangau, ampe saini, maana pingamizi la mjane lisingepokewa bila mzee kuthibitisha. Mzee alimkwepa kwa sababu hakutaka ugomvi na Ombui. Ijumaa jioni alimpata akikamua ng'ombe, hana pa kukimbilia, akatia saini karatasi ikiwa juu ya paja lake. Jumamosi ilikuwa Sabato, na Jumapili ofisi hazifunguliwi. Ikabaki Jumatatu, siku ya sitini.

Jumapili jioni, akipalilia mboga nyuma ya nyumba, alisikia vilima vyote vikilipuka kwa vigelegele. Mtu aliyekuwa na redio ng'ambo ya bonde alikuwa akipiga makelele kwamba timu ya wilaya imeshinda fainali ya kombe Nairobi. Drusilla alitabasamu akaendelea na jembe lake. Hakujua kwamba muda mfupi baadaye mkubwa mmoja wa serikali alipanda juu ya gari mjini, akashika kipaza sauti na kutangaza: "Kesho hakuna kazi! Kesho ni sikukuu!"

Alitoka Marani alfajiri kwa miguu, karatasi ameifunga ndani ya kitambaa na kuitia kifuani. Kila alipofika njia panda alikutana na watu wenye matawi mikononi, wakiimba na kupiga filimbi. Alifikiri furaha ya jana haijawaisha. Saa tatu alikuwa mbele ya ofisi, akaona kufuli mlangoni.

Askari wa lango, mzee aliyeitwa Onsongo, alikuwa ameketi juu ya kreti anakula ndizi.

"Leo hakuna kazi, mama. Ni sikukuu."

"Sikukuu ya nini?"

"Ya mpira. Hukusikia?"

Drusilla aliingiza mkono kifuani. Alitoa karatasi akamwonyesha, ingawa Onsongo hakujua kusoma. "Leo ndiyo siku ya mwisho. Nani ana ufunguo?"

"Karani Angwenyi. Lakini amekwenda Keroka. Wote wamekwenda Keroka kulaki basi la wachezaji."

Kutoka Kisii hadi Keroka ni mwendo ambao mtu mzima hawezi kwenda kwa miguu na kurudi kabla giza halijaingia. Alishuka mbio hadi barabarani. Lori la Dahir, mfanyabiashara wa ngozi aliyejulikana sana mjini, lilikuwa likijaza mashabiki, na Drusilla akasimama mbele ya taa zake hadi Dahir akatoa kichwa dirishani.

"Mama, unataka kufa?"

"Nataka kufika Keroka."

Alimpandisha mbele, karibu naye. Huko nyuma watu waliimba njia nzima. Drusilla alikuwa akiomba, na kila lori liliposimama ili watu wengine wapande, machozi yalimtoka.

Kwa kuuliza-uliza alimpata Angwenyi kando ya barabara, kijana nadhifu mwenye shati jeupe, amejivika majani shingoni, sauti imemkauka. Alimshika mkono akamweleza yote kwa haraka. Angwenyi alimsikiliza. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, muhuri uko ofisini, na ofisi imefungwa kwa amri. Usiogope. Siku ya sikukuu haihesabiwi. Njoo kesho asubuhi, nitaipokea mwenyewe."

"Niandikie nyuma ya karatasi hii kwamba leo nimekuja. Mwanangu, niandikie tu."

Angwenyi alitia mkono mfukoni kutafuta kalamu. Wakati huohuo basi likatokea kwenye kona, umati ukafurika barabarani, na Angwenyi akachukuliwa kama jani kwenye maji. Drusilla alimwona kwa mbali juu ya mabega ya watu, akiruka na kulia kwa furaha.

Jumanne aliwahi kuliko wote. Angwenyi alipomwona aliinamisha macho, akachukua karatasi, akaingia nayo kwa ofisa. Mlango ukafunguliwa tena, naye Drusilla akaitwa ndani. Ofisa mwenyewe alikuwa mgeni kutoka mbali, hajui Kigusii, na Drusilla hakuwa na Kiswahili ila kile cha sokoni.

"Umechelewa," ofisa alisema. "Mwisho ulikuwa jana."

"Mimi nilikuja jana, bwana mkubwa. Mlango ilikuwa imefungwa. Ilikuwa sikukuu."

"Sikukuu hutangazwa na Serikali katika gazeti lake. Hiyo ya jana ilikuwa maneno ya mtu juu ya gari. Kwa sheria, jana ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu nyingine." Akageuza daftari la mahudhurio ili alione. "Tena ofisi ilikuwa wazi. Makarani wangu wote wametia saini. Mimi nilikuwa Nyamira kikazi, lakini daftari hili halisemi uongo."

Drusilla hakuweza kusoma majina yale, lakini alielewa. Walikuwa wamejiandika asubuhi hiyo ili siku yao isikatwe. Alimgeukia Angwenyi.

"Mwanangu, jana uliniona wapi?"

Angwenyi alipanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

"Mwambie," Drusilla alisema kwa Kigusii. "Mwambie tu mahali tulipokutana."

Angwenyi aliziinua karatasi zile, akazipanga upya.

Drusilla alikwenda dukani kwa Dahir kumwomba awe shahidi. Dahir alimkaribisha kiti, akamletea chai, na akakataa. "Mama, nilikuona, na Mungu aliniona. Lakini mimi hapa ni mgeni. Leseni yangu inapita mikononi mwa watu haohao. Nikisimama kinyume chao, watoto wangu watakula nini?" Drusilla alishindwa kumkasirikia. Chai aliiacha ikipoa.

Jioni alipofika nyumbani, Kemuma alimkimbilia njiani akilia. Ombui alikwisha kusikia kwamba pingamizi limekataliwa. Drusilla alimkuta uani na watu wawili na kamba, wameshapigilia vigingi, na mstari umepita kati ya nyumba na jiko.

"Mama Kemuma," Ombui alisema kwa upole uliomuumiza kuliko matusi, "sikufukuzi. Kaa hapo mpaka wasichana waolewe."

"Na baada ya hapo, shemeji?"

Ombui alikunja kamba yake akaondoka.

Usiku ule Drusilla hakulala. Kulipopambazuka alitoka na panga, akaanza kung'oa vigingi kimoja kimoja, huku Bonareri akimshika nguo na kumsihi aache, watamfunga. Aling'oa tisa. Akavifunga kwa kamba ya mgomba, akavitwika kichwani na kwenda mjini.

Hakumwomba Onsongo ruhusa. Aliingia moja kwa moja akavibwaga juu ya meza ya Angwenyi, udongo ukatapakaa juu ya karatasi. Makarani wengine waliacha kuandika, na ofisa akatoka chumbani mwake.

"Hivi ni vyako," Drusilla alimwambia Angwenyi. "Vilikuwa vimepigiliwa mlangoni pa jiko langu. Nimekosa pa kuvipeleka. Mahakama sina, ndugu sina, mume sina. Nimekuletea wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia nisiogope."

Kisha akaketi sakafuni.

Angwenyi aliutazama udongo ule. Halafu aliinuka, akalifuata daftari la mahudhurio, akafungua ukurasa wa Jumatatu na kulikata jina lake kwa mstari mmoja wa wino.

"Bwana, mimi sikuwa kazini," alimwambia ofisa. "Nilikuwa Keroka. Mama huyu alinifuata mpaka huko na karatasi yake. Ofisi ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu."

"Unajua unachosema?"

"Najua."

"Angwenyi, umetuua sote!" karani mwenzake alifoka.

Ofisa alilitazama daftari, akamtazama mwanamke aliyekuwa sakafuni. Mwishowe aliomba muhuri, akaupiga juu ya pingamizi, akaandika tarehe ya Jumatatu.

Angwenyi alifukuzwa kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Wenzake walikatwa mshahara na hawakumsamehe. Shauri la Drusilla lilisikizwa baada ya miezi mitano. Wazee walibishana siku mbili kama mjane asiye na mwana anaweza kuandikwa, wakakata shauri kwa kugawa: nyumba na migomba vikawa vyake, chai yote ikachukuliwa na Ombui. Ile chai alikuwa ameipanda yeye na Alfayo kwa mikono yao, mche kwa mche.

Mwaka uliofuata alimkuta Angwenyi sokoni Mosocho akiuza viazi. Shati jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya udongo. Walisalimiana.

"Walikupa?" Angwenyi aliuliza.

"Walinipa nusu."

Angwenyi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetarajia jibu zuri zaidi au baya zaidi. Drusilla alichagua viazi vyake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alitaka kumshukuru, alitaka pia kumuuliza kwa nini hakusema Jumanne ile, wakati mzee Nyangau na ukoo mzima walikuwa bado hawajaiona kamba ya Ombui ikiligawa shamba, wakazoea wazo la kuligawa. Badala yake alimsaidia kufunga gunia, akajitwika kapu lake, akashika njia ya Marani.